Nani Aliulizwa Kabla ya Kuvuka Mpaka?

Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2011, mawaziri wawili wa Kenya, Profesa George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi, waliwaita waandishi wa habari jijini Nairobi wakatangaza kwamba majeshi ya nchi yatawaandama wapiganaji wa al-Shabaab popote walipo, hata kama ni ndani ya Somalia. Walitaja Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kile kinachoipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda. Kesho yake, Jumapili, habari zilikuwa zimekwisha kuenea kwamba magari ya kijeshi yamevuka mpaka. Operesheni ikapewa jina, Linda Nchi. Kenya, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa kupeleka askari wa kulinda amani katika nchi za watu, sasa ilikuwa imeanza vita vyake yenyewe katika ardhi ya jirani.

Ninachotaka tukitazame ni kile kilichokosekana kati ya Jumamosi ile na Jumapili ile. Yalikosekana mabishano. Katiba mpya ya Kenya ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne tu, kwani ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 baada ya miaka mingi ya kuidai. Kifungu chake cha 95 kinasema Bunge la Kitaifa ndilo linaloidhinisha kutangazwa kwa vita. Kifungu cha 132 kinasema Rais anaweza kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Maneno hayo hayakuwekwa pale kwa mapambo. Walioyaandika walijua kwamba uamuzi wa kuwapeleka vijana wa watu kuua na kuuawa ni mzito mno kuachiwa mtu mmoja na washauri wake. Lakini siku ile haikusemwa kwamba nchi inatangaza vita. Ilisemwa kwamba ni operesheni, kwamba tunawafuata wahalifu waliovuka mpaka. Kwa neno hilo moja, mlango wa Bunge ukapitwa kando.

Mimi naamini kwamba wale wanaohoji vita kabla havijaanza wanaifanyia nchi kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya, na kwamba nchi inayowanyamazisha haiyaepuki maswali yao. Maswali yale yanarudi yote, ila sasa yanaulizwa na wafiwa. Kisa cha Kenya kinalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko visa vingi ninavyovijua, kwa sababu majibu ya maswali yasiyoulizwa Oktoba ile yalikuwa tayari mezani, mbele ya macho ya kila mtu.

Kwanza tuitendee serikali haki. Hasira ya wakati ule ilikuwa na msingi. Tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumchukua mkewe. Oktoba mosi wakaingia kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu, wakamchukua mwanamke Mfaransa mgonjwa, aliyekuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu, naye akafia mikononi mwao. Tarehe 13 Oktoba wakawateka wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Hispania, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Matukio matatu katika mwezi mmoja na siku mbili. Watalii wakaanza kukatisha safari zao, hoteli za pwani zikabaki tupu, na wenye kuishi kwa kazi hiyo wakakaa bila kazi. Serikali ambayo haifanyi lolote katika hali hiyo haistahili kuitwa serikali. Sibishani na haja ya kuchukua hatua. Nauliza ni hatua gani, kwa lengo gani, mpaka lini, na nani alipewa nafasi ya kuuliza hivyo.

Maana mifano miwili ilikuwepo, nayo haikuwa ya mbali. Ethiopia ilikuwa imeingia Somalia kwa nguvu mwishoni mwa 2006. Iliuteka Mogadishu kwa muda mfupi sana, ikakaa miaka miwili ikipigwa kila kona, ikaondoka Januari 2009. Kundi dogo la vijana lililokuwa tawi la Mahakama za Kiislamu lilipata katika miaka ile miwili kile lilichokuwa limekikosa, yaani mvamizi wa kupigana naye. Al-Shabaab walitoka katika uvamizi ule wakiwa wakubwa kuliko walivyouingia. Mfano wa pili ni Uganda. Majeshi yake yalikuwa Mogadishu tangu Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wamekusanyika Kampala kutazama fainali ya Kombe la Dunia walilipuliwa katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mgahawa wa Kiethiopia. Walikufa watu 74. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya hivyo, wakasema ni malipo ya askari wa Uganda walioko Somalia.

Miezi kumi na mitano kabla Kenya haijavuka mpaka, basi, ilikuwa imeonekana wazi kwamba nchi inayopeleka jeshi Somalia itafuatwa katika mji wake mkuu, penye raia wengi. Hii haikuwa siri ya majasusi. Mwuza magazeti wa Tom Mboya Street aliijua. Sasa fikiria, msikilizaji, kama Bunge lingekaa hata siku mbili tu, na mbunge mmoja mkaidi akasimama kumwuliza waziri: baada ya Kampala, Nairobi imejiandaaje? Nani atakayeongoza iwapo jengo litavamiwa, polisi au jeshi? Kikosi maalumu kitafikaje Garissa, ambako ndiko karibu na mpaka? Huyo angeonekana mwoga, labda angezomewa. Lakini waziri angelazimika kujibu, na pale ambapo hakuwa na jibu, nchi nzima ingejua kwamba jibu halipo.

Hayo hayakuulizwa, na yakaja kujibiwa. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wanne wa al-Shabaab wenye bunduki waliingia duka kubwa la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Polisi na wanajeshi waliotumwa kuwakabili walipishana amri hadi wakafyatuliana risasi wao kwa wao. Juni 2014 ikawa zamu ya mji wa Mpeketoni, Lamu, kuvamiwa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, al-Shabaab wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa, na kikosi maalumu kilichokuwa Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Waliouawa ni 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa ndio kwanza wanaamka. Sisemi kwamba mjadala bungeni ungewaokoa wote. Al-Shabaab ni wauaji, na dhambi ya damu ile ni yao. Nasema kwamba nchi iliingia vitani bila kulazimishwa kujiandaa kwa kile ambacho jirani yake alikuwa amekwisha kupigwa nacho.

Najua hoja inayotolewa haraka dhidi ya maneno kama haya. Husemwa kwamba vita haviwezi kujadiliwa hadharani kwa sababu adui anasikiliza. Ni hoja nzito pale inapohusu siku ya kushambulia, njia itakayopitwa, idadi ya askari na aina ya silaha. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka hayo yasomwe bungeni. Ila kama nchi iende vitani au isiende, na ikienda inataka kufikia nini, hilo ni jambo la wenye nchi, wala adui hapati faida kwa kulijua. Tena Kenya haikuficha hata kidogo. Mawaziri waliita kamera wakatangaza, na adui akasikia pamoja na sisi sote. Kama al-Shabaab waliweza kuambiwa Jumamosi, wabunge walishindwa kuambiwa kwa sababu gani?

Wengine husema hapakuwa na muda, kwamba nyumba ikiungua hakuna anayeitisha kikao. Ni kweli kwa nyumba inayoungua. Lakini siku chache baada ya operesheni kuanza, msemaji wa serikali mwenyewe, Alfred Mutua, aliwaeleza waandishi kwamba jambo kubwa kama lile halipangwi kwa wiki moja, kwamba lilikuwa kwenye mipango kwa muda, na utekaji nyara ulikuwa sababu nzuri ya kuanzia. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja zilionyesha pia kwamba maofisa wa Kenya walikuwa wakiwaeleza Wamarekani mpango wa kuweka utawala rafiki katika eneo la Jubaland tangu mapema 2010, na kwamba Wamarekani wenyewe walikuwa na mashaka nao. Kwa hiyo muda ulikuwepo, zaidi ya mwaka mmoja. Mpango uliweza kujadiliwa na wageni katika vyumba vya mikutano, ukashindwa kujadiliwa na wale ambao watoto wao ndio wangeutekeleza. Hili, nikiri, ndilo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki.

Na kwa kuwa lengo halikuwahi kuwekwa wazi na kupigiwa kura, lilikuwa huru kuhama. Mwanzoni tuliambiwa tunawafuata watekaji. Kisha lengo likawa bandari ya Kismayo. Magari yalikwama kwenye matope kwa wiki kadhaa, kwa kuwa operesheni ilianzishwa majira ya mvua za vuli, na ilichukua karibu mwaka mzima, hadi mwisho wa Septemba 2012, kufika mji ule. Katikati ya safari vita vya Kenya vikageuzwa kuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Hapo ndipo Bunge lilipoletewa jambo, Desemba 2011, askari wakiwa tayari wamezama Somalia, wakati ambapo kusema hapana kungeonekana ni kuwatupa. AMISOM ikaja kuitwa ATMIS mwaka 2022, kisha kikaundwa kikosi kingine, AUSSOM, mwanzoni mwa 2025. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Oktoba 2011 yumo katika umri wa sekondari, naye hajawahi kuishi siku moja ambayo jeshi la nchi yake halikuwa Somalia.

Hoja ngumu zaidi ni ile inayouliza mjadala unasaidia nini ikiwa nchi zilizojadili nazo zilikosea. Mfano wake ni Uingereza na Iraq. Tarehe 15 Februari 2003 barabara za London zilijaa watu waliopinga vita, kwa hesabu zilizoanzia laki kadhaa hadi kupita milioni. Machi 17 Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alijiuzulu katika baraza la mawaziri na kueleza bungeni kwamba huenda Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana ambayo watu wengi wanaielewa. Kesho yake wabunge walijadili mchana kutwa hadi usiku, wakapiga kura: 412 waliunga mkono vita, 149 wakakataa. Vita vikaanza. Silaha zile hazikupatikana. Askari wa Uingereza waliokufa ni 179, na Wairaki waliokufa hawahesabiki kwa mamia wala kwa maelfu machache.

Ukiishia hapo, utaona mabishano yote yale yalikuwa kelele za bure. Usiishie hapo. Kwa sababu hoja zilitolewa hadharani, iliwezekana baadaye kuzipima. Tume ya Sir John Chilcot, iliyotoa ripoti yake Julai 2016, iliweza kulinganisha kile serikali ilicholiambia Bunge na kile ilichokijua, ikaeleza kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizika na kwamba habari za kijasusi zilitangazwa kwa uhakika usiostahili. Waliopinga walionekana walikuwa na hoja, na majina yao yamo kwenye kumbukumbu. Walioidhinisha nao majina yao yamo. Tena Iraq inatufundisha kwamba ule msemo wa "serikali ina habari ambazo wewe raia huna" hautoshi kumnyamazisha mtu. Habari zile za siri ndizo zilizokosea, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix, waliokuwa wakiomba muda zaidi mbele ya dunia nzima, ndio waliokuwa karibu na ukweli. Kisha, tarehe 29 Agosti 2013, serikali ya David Cameron ilipoomba idhini ya kuishambulia Syria, Bunge lilikataa kwa kura 285 dhidi ya 272, na waziri mkuu akakubali. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba kura ile ilimwachia Assad nafasi ya kuendelea kuua, na sina haki ya kuwadharau. Lakini walikataliwa kwa hoja, mchana kweupe, na yeyote anaweza kurudi kuisoma.

Msikilizaji wa Tanzania ataniuliza: na Kagera je? Je, mwaka 1978 tungekaa kubishana? Swali ni la haki. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera Oktoba, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Watu walikuwa wanauawa, ng'ombe wanaswagwa kwa maelfu. Hapo hapakuwa na la kujadili, na hakuna Katiba duniani inayomtaka mtu aombe ruhusa ya kumtoa mwizi chumbani mwake. Hata hivyo Mwalimu Nyerere hakuwaambia wananchi wamwamini tu. Aliwawekea mambo matatu ambayo kila mtu mzima anayakumbuka, sababu, nia na uwezo, na kwa kuyataja alikubali kwamba nchi inapaswa kupewa hoja. Ila kumwondoa Amin katika ardhi ya Tanzania ni uamuzi mmoja, na kuendelea hadi Kampala, iliyoangushwa Aprili 1979, ni uamuzi mwingine. Huo wa pili ulibishaniwa zaidi na wageni kuliko na Watanzania: katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliukosoa waziwazi. Nyumbani, chini ya chama kimoja, hakukuwa na kambi ya kuuliza utagharimu kiasi gani. Mimi naona Tanzania ilikuwa na haki. Lakini wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18, na waliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya themanini wanajua miezi ile ilirefuka kiasi gani.

Inabaki hoja ya umoja, kwamba askari akishakuwa vitani, kuuliza ni kumvunja moyo. Inawagusa wengi, kwa kuwa hakuna asiyemjua mzazi mwenye mtoto jeshini. Lakini hebu tuangalie nani hasa aliumia kwa ukimya ule. Wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku, kwa miaka, kwa ajili ya usalama. Asiyeijua bahari atadhani ni jambo dogo. Mvuvi hafuati saa ya polisi, anafuata maji: kuna siku za bamvua na siku za maji mafu, na mara nyingi samaki wanaopatikana ni wa usiku. Akiambiwa awe ameshafunga chombo kabla ya jua kuzama, ameambiwa apunguze chakula cha wanawe, na hakuna aliyemwuliza wala aliyemlipa. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, wakawakusanya maelfu ya watu wenye asili ya Kisomali, wakiwemo raia wa Kenya wenye vitambulisho vyao mkononi, wakawazuia katika uwanja wa Kasarani. Hao nao walikuwa wenye nchi. Ulizo lao lingekuwa la kwanza kutolewa, kama pangekuwa na mahali pa kulitolea.

Na askari wenyewe? Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi la Kenya, KDF, huko El Adde, katika jimbo la Gedo nchini Somalia. Wiki kadhaa baadaye Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa wanakaribia 200. Serikali ya Kenya ilikanusha. Haikutoa hesabu yake. Wanajeshi walirudishwa katika majeneza yenye bendera, wakazikwa katika vijiji vyao mmoja mmoja, huku na huko, na taifa halikupewa jumla ya kuomboleza. Ukimya ulioanza Jumamosi ile ya Oktoba, kwa jina la umoja, uliishia kuwanyima waliokufa hata kuhesabiwa.

Kifungu cha 95 bado kimo katika Katiba, ibara ndogo ya sita, mstari mmoja tu. Mbunge wako anaporudi jimboni, msikilizaji, baada ya kumwuliza habari za barabara na basari, mwulize kama anaujua mstari huo, na atafanya nini siku nyingine waziri atakapoita kamera Jumamosi.